Swichi isiyongoja mtandao

Zima swichi kuu, kisha fungua kifuniko cha swichi ya taa katika nyumba nyingi za Sogea, Majengo au Maporomoko mjini Tunduma. Ndani ya kiboksi utakuta nyaya mbili tu: mmoja unaleta layini kutoka darini, wa pili unairudisha kwenye taa. Nyutro haipo, imeishia huko juu, kwenye holda au kwenye kiboksi cha maungio. Mafundi wetu walirithi ufungaji wa Kiingereza na hawakukosea kitu, kwa sababu kazi ya swichi ya kawaida ni kukata njia na kuiunganisha tena, na kila mita ya waya isiyonunuliwa ni akiba ya mwenye nyumba. Ila nyaya hizo mbili ndizo zinazoamua, kabla ya bei, rangi au jina la kiwanda, ni swichi ipi ya kisasa itafanya kazi humo na ipi itarudishwa dukani kesho yake.

Madukani kuna bidhaa inayoitwa swichi bila waya, swichi ya rimoti au swichi janja, na mnunuzi huambiwa ni kitu kilekile. Si kitu kimoja. Aina ya kwanza inakaa ukutani mahali pa swichi ya zamani na ndani yake kuna redio ya waifai. "Bila waya" hapo ni maagizo tu. Yenyewe imefungwa kwenye umeme kama swichi nyingine yoyote, na kwa kuwa redio yake lazima iwe macho saa 24, inataka layini na nyutro. Watengenezaji wanajua kwamba nyumba nyingi duniani hazina nyutro ukutani, ndiyo maana wakaleta toleo lisiloihitaji: linapitisha mkondo mdogo ndani ya taa yenyewe hata taa ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani ya wati 60 haikuona mkondo huo. Taa ya LED ya wati 5 au 9 inauona, na matokeo yake ni taa inayofifia bila kuzimika, au inayopepesa usiku kucha kama inakonyeza, mpaka fundi aongeze kapasita ndogo kwenye holda. Aina ya pili haina uhusiano wowote na nyaya za ukutani. Ni kitufe kinachobandikwa au kupigwa skrubu popote, na kikibonyezwa kinatuma ishara ya redio kwa kipokezi kidogo kilichofungwa karibu na taa, mahali ambapo layini na nyutro zote zipo tangu siku nyumba ilipofungwa umeme.

Kwa nyumba ambazo tayari zimesimama Tunduma, Vwawa, Mlowo au Itumba, aina hiyo ya pili ndiyo ya kuanzia. Na kipimo cha kuchagulia si orodha ya mambo ambayo swichi inaweza kufanya kila kitu kikiwepo. Kipimo ni kile kinachobaki vitu vikipungua: intaneti imekata, umeme umekatika ukarudi usiku wa manane, betri imekwisha, simu yenye programu iko mfukoni mwa mtu aliyesafiri, au kampuni iliyotengeneza kifaa imefunga milango. Ukitumia kipimo hicho, vifaa vingi vinavyong'aa ndani ya boksi vinapoteza thamani, na vile vya kawaida vinapanda.

Anayehitaji kifaa hiki si lazima awe mpenda mambo ya kisasa. Songwe ulipotangazwa kuwa mkoa 2016, ukimegwa kutoka Mbeya na makao yake yakawekwa Vwawa, Tunduma tayari ilikuwa mji unaojengwa kwa kasi, na sensa ya 2022 iliuhesabia zaidi ya watu laki mbili. Mji wa mpakani hujengwa kwa awamu. Vyumba viwili vinaanza, sebule inafuata, kisha chumba cha mpangaji nyuma, fremu ya duka mbele, halafu korido inayoviunganisha vyote na swichi yake imebaki upande mmoja tu. Kuongeza swichi ya pili kwenye korido hiyo kwa njia ya kawaida ni kutindua ukuta uliokwisha kupigwa lipu na rangi, kulaza bomba, kuvuta waya, kuziba na kupaka upya. Mpangaji hawezi kabisa, maana ukuta si wake. Mwenye gesti naye, ambaye wateja wake ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ana vyumba ambamo swichi iko mlangoni na kitanda kiko upande wa pili, na mgeni asiyekijua chumba anapapasa gizani. Kitufe kilichobandikwa ubavuni mwa kitanda kinamaliza tatizo hilo bila nyundo.

Wala wazo la kuruka kazi ya nyaya si geni kwetu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulisambaza kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ili nyumba ndogo isiyofungwa nyaya ipate umeme bila kusubiri kazi kubwa ya fundi. Waliobuni mpango huo walikubali jambo ambalo wauzaji wa swichi janja wamechelewa kulikubali: anza na nyumba ilivyo, usianze na nyumba unayotamani mteja angekuwa nayo.

Tuanze kipimo na umeme wenyewe. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 bado haujasahaulika, na ni kweli kwamba mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa Februari 2024 hali ya uzalishaji ilibadilika. Upo pia mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaokusudiwa kuunganisha gridi yetu na ya Zambia. Lakini umeme mwingi bwawani haumaanishi umeme usiokatika mtaani kwako. Mti unaangukia waya, transfoma inazidiwa, radi inapiga, LUKU inaisha saa nne usiku. Songwe ni mkoa wa mvua za Novemba hadi Aprili, zenye ngurumo za kweli. Hivyo swali la kwanza dukani si "inafikia mita ngapi?" bali "umeme ukirudi, inafanya nini?" Vipokezi vingine, umeme ukirudi, vinawasha taa vyenyewe. Vingine vinabaki vimezima. Vilivyo bora vinakumbuka hali iliyokuwepo na kuirudia. Ukichukua vya kundi la kwanza ukafunga vyumba vyote, umeme ukirudi saa tisa usiku nyumba nzima inawaka na watoto wanaamka. Na kama mmesafiri kwenda Mbozi kuvuna kahawa, taa zitawaka siku tatu zikila uniti ambazo hakuna aliyezihitaji.

Uniti ndizo zinazotupeleka kwenye hesabu ambayo haiandikwi kwenye boksi. Swichi ya waifai hutumia umeme hata taa ikiwa imezimwa, kwa kawaida kati ya nusu wati na wati moja. Ni kidogo, lakini haipumziki. Wati moja kwa saa 720 za mwezi ni uniti 0.72. Taa ya LED ya wati 9 inayowaka saa nne kila siku inatumia uniti 1.08 kwa mwezi. Kwa hiyo swichi inakaribia kula theluthi mbili ya kile inachokula taa inayoiongoza, na kama taa yenyewe ni ya choo, inayowaka nusu saa kwa siku, swichi inakula zaidi ya taa. Weka kumi za namna hiyo, na ruta ya wati 8 isiyozimwa ili zipate mtandao, na umefikia takriban uniti 13 kwa mwezi kabla hujawasha chochote. Kwa kaya iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi na bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita, na ndiyo inayoweza kuivusha kaya kwenye bei ya juu. Kipokezi cha kitufe nacho kinasikiliza muda wote, hilo lisifichwe, ila redio yake ni nyepesi, mara nyingi haifiki nusu wati, na haihitaji ruta. Akisema mtu kwamba swichi janja huokoa umeme, mwulize kwanza taa anazozungumzia ni za wati ngapi. Hesabu hiyo ilifanywa katika nchi za balbu kubwa na nyumba za taa thelathini.

Intaneti inakuja pili, na hapa mpaka unaongeza mambo yake. Nyumba nyingi za mkoani Songwe hazina mtandao wa kudumu. Zina simu na kifurushi. Swichi ya waifai iliyounganishwa na simu ya baba inategemea simu hiyo iwepo. Baba akitoka, mtandao wa nyumba umetoka naye. Kitufe cha swichi yenyewe kitaendelea kuwasha taa yake, na hilo ni haki kulisema, lakini ile kazi iliyomfanya mtu anunue, yaani swichi mbili za korido moja ziwasiliane, mara nyingi hupitia seva iliyo nje ya nchi, na bila intaneti inakufa. Isitoshe, jirani na mpaka simu hunasa mnara wa ng'ambo. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoachwa ijipangie saa inaweza kujikuta kwenye saa ya Nakonde wakati mwenyewe amekaa barazani Tunduma. Ratiba ya taa iliyowekwa wakati huo ikachelewa kwa saa nzima. Kuna na kosa la kwetu wenyewe: programu hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane, na anayetaka taa ya nje iwake saa moja jioni akaandika 1:00 ataiona ikiwaka saa saba usiku, wezi wakiwa wameshamaliza kazi.

Kampuni kufunga milango si hadithi ya kutishia watu. Revolv ilikuwa kampuni ya Marekani iliyouza kitovu cha kuongozea taa na vifaa vya nyumbani. Kampuni ya Nest iliinunua 2014, na Mei 2016 ikazima huduma yake. Kitovu ambacho watu walikilipia kikawa plastiki tu. Aprili 2022 seva za Insteon, moja ya majina ya zamani katika biashara hii, zilizimwa bila wateja kuonywa, na watu wakaamka ratiba na programu zao hazifanyi kazi. Vitufe vya Insteon vilivyozungumza na taa moja kwa moja viliendelea kuwasha. Tukio hilo peke yake linatosha kuonyesha tofauti ninayoitetea: ishara iliyotoka kitufeni ikaenda kwenye taa bila kutoka nje ya nyumba haikumtegemea mtu yeyote, na ile iliyokwenda kuomba ruhusa mbali ilikwama. Kama hayo yaliwapata wateja wa Marekani, wenye sheria na wanasheria, mnunuzi wa Tunduma aliyepata kifaa kisicho na jina kwenye mzigo uliotoka Kariakoo atamlalamikia nani?

Ndani ya aina ya pili nayo kuna kuchagua. Kitufe kinaweza kutumia betri, mara nyingi ile bapa ya CR2032 inayotumika kwenye rimoti za magari, au kinaweza kutotumia betri kabisa. Hicho cha pili kinafurahisha ukikifungua. Chini ya kibonyezo kuna sumaku na koili. Ukibonyeza, sumaku inaruka kutoka upande mmoja wa koili kwenda mwingine, na mruko huo unazalisha umeme wa kutosha redio kutuma ujumbe mmoja mfupi kabla haujaisha. Kampuni ya Ujerumani ya EnOcean, iliyochipuka kutoka Siemens mwaka 2001, ndiyo iliyoifanya teknolojia hiyo kuwa biashara, na leo viwanda vya China vinatengeneza vitufe vya kanuni hiyohiyo kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu. Kibonyezo chake ni kigumu kidogo na kinalia "tak", jambo ambalo wengine hulilalamikia; lakini ugumu huo ndio jenereta. Kwa gesti yenye vyumba ishirini, kutokuwa na betri ishirini za kufuatilia si anasa. Betri ina sifa moja ya kuheshimiwa: kitufe chake ni laini, kinafaa kwa mzee au mtoto, na kinaweza kubandikwa chini kabisa kwa anayetumia kiti cha magurudumu.

Redio inayotumika ni jambo la kuangalia kwa makini kuliko picha iliyo kwenye boksi. Vitufe vya bei nafuu hutumia megahezi 433, vya EnOcean vya soko la Ulaya 868, na waifai pamoja na Zigbee, mfumo mwingine wa redio wa vifaa vya nyumbani, ziko kwenye gigahezi 2.4. Masafa ya chini hupenya kuta vizuri zaidi, na kuta zetu si za mbao. Tofali la kuchoma la Mbozi, lililolazwa kwa upana na kupigwa lipu pande zote mbili, hula ishara. Bati la paa na chuma cha dirisha huirudisha ilikotoka. Mita thelathini zinazoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pa wazi au kwenye nyumba ya kuta nyepesi. Chukulia nusu yake, na chini ya hapo kama ishara itavuka kuta tatu. Zigbee hulipa udhaifu wake kwa njia ya ujanja: kila kifaa chenye umeme wa kudumu hupokea ujumbe na kuurusha mbele, hivyo nyumba kubwa yenye vifaa vingi inajijengea mtandao wake. Inahitaji kitovu, na kitovu kinachofanya kazi ndani ya nyumba bila intaneti ni chaguo la heshima kwa mwenye hoteli ndogo au ofisi. Kwa nyumba ya vyumba vitano ni kubebesha punda mzigo wa lori.

Wapo ndugu walioko Marekani wanaotuma vifaa hivi kama zawadi, na zawadi hizo ndizo zenye hatari zaidi. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Kiboksi chao ni cha mstatili mwembamba, chetu ni cha mraba. Na redio ya Z-Wave ya toleo la Marekani iko kwenye megahezi 908, ambayo kwetu imo ndani ya masafa ya simu za mkononi. Toleo la Ulaya bara linapatana na volti zetu, lakini limetengenezewa kiboksi cha duara. Ajabu ni kwamba kilichonunuliwa Nakonde kina nafasi kubwa zaidi ya kufaa, kwa kuwa Zambia nayo inatumia volti 230 na sahani ya mraba ya Kiingereza, na sahani za China za milimita 86 hukaa humo vizuri. Alama ya TBS itafutwe, na vifaa vya redio viko chini ya TCRA, ambayo ndiyo inayoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini.

Hoja nzito dhidi ya haya yote inatoka kwa mfanyabiashara. Atasema: mimi leo niko Lusaka, kesho Dar es Salaam, duka liko Tunduma, nataka kuwasha taa ya nje kutoka nilipo ili mwizi adhani nipo, na kitufe chako cha ukutani kinanisaidia nini? Na swichi ya waifai mara nyingi ni rahisi kwa bei kuliko kitufe na kipokezi chake. Yote mawili ni kweli. Jibu ni kwamba kazi hiyo ni ya taa moja au mbili, si ya nyumba nzima, na hata kwa taa hizo intaneti si njia ya kwanza. Taa ya nje yenye kihisi cha mwanga inawaka yenyewe giza likiingia na kuzimika alfajiri, bila programu wala kifurushi. Tena inafuata jua la mahali ilipo: Tunduma iko magharibi ya kutosha kwa jua kuzama karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam, na ratiba iliyonakiliwa kutoka kwa ndugu wa Kinondoni ingewasha taa kukiwa bado kweupe. Kama bado unataka kuiona na kuiamuru kutoka Lusaka, weka waifai kwenye taa hiyo moja, ukijua unalipia mtandao wake. Viwango vipya kama Matter, vilivyotolewa Oktoba 2022, vimeandikwa ili vifaa vizungumze ndani ya nyumba bila kupitia seva ya kampuni, na ni hatua nzuri. Kinachobaki ni bei kushuka na boksi zenye alama hiyo kufika madukani kwetu.

Hoja ya pili ni ya fundi mkongwe: nyaya ni nyaya, swichi ya tuwei ya kawaida, ile ya kuwashia taa moja kutoka sehemu mbili, haijawahi kuharibiwa na seva, na hakuna redio inayoishi miaka thelathini. Hapo sina ubishi, ila nauliza nyumba imefikia wapi. Kama kuta bado hazijapigwa lipu, vuta nyaya, weka tuwei kwenye korido na ngazi, na umwambie fundi ashushe nyutro kwenye kila kiboksi cha swichi. Gharama ya waya huo leo ni ndogo, na miaka kumi ijayo nyumba itapokea swichi ya aina yoyote itakayokuwa imebuniwa. Swichi isiyo na waya ni dawa ya ukuta uliokwisha kufungwa. Anayejenga leo Mpemba au Chapwa huku akipanga kutegemea redio kwenye nyumba mpya anaokoa shilingi asizozihitaji kuokoa. Na kwa kijijini, ambako mteja wa REA huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, kumuuzia mtu kitovu na swichi zenye jina kubwa kwa mara kadhaa ya fedha hizo ni kumkosea adabu.

Usalama wa kimtandao unatajwa sana, mara nyingine kwa vitisho. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa sababu wenye vifaa hawakubadilisha nywila za kiwandani, na swichi ya waifai iliyofungwa bila kujali ni jamaa wa kamera hizo. Kitufe cha 433 hakiwezi kutekwa kutoka ng'ambo ya bahari kwa sababu hakifiki huko. Udhaifu wake ni wa karibu: vya bei ya chini hutuma namba ileile kila vinapobonyezwa, na jirani mwenye kifaa cha elfu chache anaweza kuinasa na kuirudia. Kwa taa ya sebuleni, faida ya mwizi ni nini? Atawasha taa. Lakini kipokezi hichohicho kisifungwe kamwe kwenye geti au mlango wa stoo, hata kama muuzaji ameandika kwamba kinafaa kwa yote.

Kosa kubwa zaidi linafanywa juu ya dari. Kipokezi kilichoandikwa ampea 5 kinaweza kubeba kama wati 1,150 za taa za kawaida, na mtu akisoma hivyo anakifunga kwenye pampu ya maji au hita. Pampu inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mguso wa rilei ndani ya kipokezi unaungana kwa joto. Kesho yake pampu haizimiki. Kipokezi cha taa kibaki cha taa. Kiwekwe mahali ambapo mkono unafika, si juu ya silingi bodi iliyopigiliwa misumari, kwa sababu siku kitakapokufa, na radi ya Januari haina huruma kwa vifaa vya kielektroniki vya bei ndogo, atakayelipa gharama ya kubomoa ni wewe. Taa moja, ya korido au ya jikoni, iachwe kwenye swichi yake ya zamani isiyo na kitu cha kuungua ndani. Na kabla ya kubadilisha balbu zima swichi kuu: rilei iliyofunguka inazima taa, lakini haimhakikishii aliye juu ya ngazi kwamba holda haina umeme. Nyumba inayotumia umeme jua wa volti 12 moja kwa moja itafute kipokezi chenye kuandikwa volti hizo. Cha 230 hakitaamka. Kazi yenyewe apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, ambaye kwa kifaa cha namna hii atamaliza vyumba vitatu kabla ya chakula cha mchana.

Dukani, mwambie muuzaji akiunganishe kipokezi na taa kwenye soketi yake mbele yako. Washa kwa kitufe, chomoa plagi, hesabu hadi kumi, chomeka tena, na uangalie taa imerudi katika hali gani. Toka na kitufe hadi upande wa pili wa barabara, au nyuma ya ukuta wa duka la jirani, ubonyeze. Uliza kama kitufe kimoja kinaweza kuoanishwa na vipokezi viwili, na kipokezi kimoja na vitufe viwili, maana korido itahitaji hivyo. Muuzaji anayekataa kuchomoa plagi yake mwenyewe amekwisha kukujibu. Kikifaulu, nunua kimoja, ukifunge kwenye chumba kinachotumika sana, na ukiache kipite Novemba hadi Aprili kabla hujaagiza vingine tisa.